Jumapili za Kutofika Avlaki

Jumapili, 14 Septemba, Sikukuu ya Msalaba

Lazaros amechoka kunisikiliza. Leo mchana nilikuwa bado namweleza Sevasti alivyosema na mimi nilivyomjibu, akaweka uma chini. "Aneza, mke wangu, madaftari ya mjukuu yamejaa kabatini. Chukua moja, hayo yote uyaambie daftari." Basi naliambia daftari.

Baada ya ibada tulikaa uwanjani kunywa kahawa, wanne kama kawaida: mimi, Sevasti, Themelina na Kalotina. Tulisoma darasa moja hapa Mandraki, bandarini mwa kisiwa chetu, na tangu hapo hatujaachana ila kwa siku mbili tatu za kununiana. Akaja mwanamke wa Kijerumani, mtu mzima kama sisi, fimbo mkononi, akatuuliza njia ya kushuka Avlaki ikoje siku hizi. Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Avlaki ni gati la zamani la watu wa Nikia, kijiji cha upande wa pili wa mlima. Sisi mama zetu walitupandisha mlimani kukata kuni na kuchuma tini. Nani alikuwa na muda wa kwenda kutazama bahari nyingine wakati yetu ipo mlangoni?

"Ni mbali sana," Themelina akamwambia, kama mtu anayejua.

Mjerumani akajibu kwamba ameshakwenda mara mbili, alitaka kujua tu kama miiba imefyekwa.

Themelina alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Sevasti hakucheka. "Aibu gani hii," alisema. "Tumezaliwa juu ya volkano, tutazikwa juu ya volkano, na wageni ndio watuonyeshe njia. Kuanzia Jumapili ijayo tunatembea. Kila Jumapili mpaka baridi ituzuie. Tunaanza na Avlaki."

Nilimwambia kwamba Themelina ana goti bovu. Akaniambia goti ni la Themelina, si langu. Hapo ndipo tuliposhikana maneno. Lakini tutakwenda, maana ni yeye mwenye gari, ile pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe, na siku zote mwenye gari ndiye mwenye kauli.


Jumapili, 21 Septemba

Hatukufika Avlaki.

Tulipofika Emborios, hata nusu ya njia bado, Sevasti akasimamisha gari. Eti tuingie kwenye pango la mvuke pale mwanzo wa kijiji. Tuliingia tukakaa kwenye jiwe, wanawake wanne wazima na nguo zao za safari, jasho likitutiririka kama tunapikwa. Nilidhani ni mara moja tu tuondoke. Tukakaa. Kisha kahawa. Kisha bajia za dengu, kwa kuwa mwenye mkahawa ni binamu wa Sevasti. Kisha jua likawa limekwenda.

"Avlaki haikimbii," Sevasti akasema.

Haikimbii, kweli. Sisi ndio hatuiendei.


Jumatano, 24 Septemba

Upepo. Meli haikuja. Maziwa hakuna dukani.


Jumapili, 28 Septemba

Tulipita Emborios bila kusimama nikashukuru Mungu mapema mno. Kwenye njia panda Sevasti akakata usukani kushoto, tukashuka kwenye kasoko, kinywa chenyewe cha volkano.

"Sevasti, unakwenda wapi?"

"Mara ya mwisho umeingia humu lini, Aneza?"

Nilihesabu miaka. Labda nilipokuwa nimeposwa. Tukashuka mpaka chini kabisa, kwenye ardhi ile nyeupe inayonuka mayai viza, ambayo ukiikanyaga inalia kama ngoma, kama kwamba chini yake pana chumba cha mtu. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye vishimo na kandokando yake kiberiti kimeganda njano. Themelina alisimama mahali pamoja kwa muda mrefu akipiga soga, na alipotaka kuondoka soli ya kiatu chake ikabaki inanata kama uji. Kalotina, ambaye huongea mara moja kwa wiki, akasema, "Mungu kakupasha joto, shoga, unalalamika nini."

Tulicheka, siwezi kukataa. Lakini nilipogeuka nikamwona Sevasti amesimama peke yake kando ya tope linalotokota, anatazama tu. Nikamwita mara mbili. Aliponijia macho yalikuwa mekundu. Akasema ni ule mvuke.

Mpaka tukatoka mle, jua lilikuwa limevuka mlima. Nikamwambia, "Wiki ijayo ukikata usukani tena, mimi naruka dirishani." Akasema dirisha la upande wangu halifunguki.


Jumapili, 5 Oktoba

Upepo wa kusini. Sevasti kasema hapana. Lazaros ametoka kuvua na amerudi salama, lakini Sevasti kasema hapana.


Jumapili, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi na kukoma kabla ya ibada kwisha. Mawe yalikauka nikiwa nayatazama. Nikapita kwake nimeshavaa viatu vya kamba, nimefunga mkate na jibini. Kumbe yuko ghalani anapanga mitungi yake ya achari ya kapari na ya mafuta, mmoja huku, mmoja kule.

"Kutateleza," alisema bila kuinua kichwa.

Nilirudi nyumbani nikala ule mkate nimesimama.


Jumapili, 19 Oktoba

Leo nimemwambia maneno ambayo pengine nisingeyasema, ila sijutii.

Tulitoka mapema. Hali ya hewa ilikuwa safi, bahari imelala. Na huyu bibi akatupeleka kwenye matuta ya marehemu baba yake, juu ya Nymfios, ambako hakuna mtu aliyelima tangu sisi tuolewe. Njia yenyewe haipo tena. Tulipenya kwenye miiba kama mbuzi, Themelina nyuma akihesabu watakatifu wote kwa majina na si kwa sala. Tulipofika, ni nini? Ukuta wa mawe meusi umebomoka katikati, mialoni miwili, na ile sakafu ya mawe waliyokuwa wakipuria shayiri. Sevasti akaanza kuokota mawe yaliyoanguka na kuyarudisha ukutani. Moja moja. Sisi tumesimama.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ukuta umeanguka."

"Umeanguka tangu zamani. Hata shayiri hakuna. Unamjengea nani?"

Akaokota jingine. Kalotina akainama akaanza kumsaidia, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi, maana nikaonekana mimi ndiye mbaya. Nikasema, "Sevasti, umetufanya mizigo ya gari lako. Unatupakia, unatupakua unapotaka. Ulisema Avlaki. Ama unaiogopa Avlaki, ama unatuchezea."

Alinyooka, mikono imejaa vumbi. "Wewe huwezi kukaa mahali, Aneza. Ukifika mahali tayari unauliza tunaondoka lini. Ndivyo ulivyo tangu utoto."

Tulirudi Mandraki. Aliponishusha nikaufunga mlango wa gari kwa nguvu, na kwa kuwa ule mlango ni mbovu, ukafunguka tena, ikabidi nirudi kuufunga polepole.


Jumanne, 21 Oktoba

Nimepita mbele ya nyumba yake. Sikugonga.


Alhamisi, 23 Oktoba

Wala yeye hajagonga.


Jumapili, 26 Oktoba

Nitaandika yote, kwa sababu Lazaros amelala na hakuna mwingine wa kumwambia.

Tangu tulipogombana Sevasti hajatutafuta, nami nikasema gari lake si gari pekee duniani. Nikamchukua Themelina tukapanda basi la kijiji mpaka Emborios, tukale huko sikukuu ya Mtakatifu Dimitrios. Baada ya kula tukatembea nje ya kijiji kushusha chakula, na tukapita kwenye zizi la Diomidis, mwuza maziwa. Themelina ndiye aliyesimama.

"Aneza, yule si Kanella?"

Kanella ni mbuzi wa Sevasti, mwekundu, sikio moja limechanika. Huwezi kumkosea. Na nyuma yake nikamwona mama yake, na wale wadogo wawili wa mwaka huu. Wote.

Diomidis alitoka na ndoo. Nikamwambia mbuzi wa Sevasti wamepotea wakaingia kwako, utawafunga kamba au nimpigie simu? Akatutazama kwa zamu, akaona hatujui, na uso ukambadilika.

"Si wamepotea, mama. Aliniuzia. Tangu mwisho wa Agosti. Nilikuwa nakwenda kuwachukua kidogo kidogo." Kisha akasema, "Nilidhani nyinyi ndio wa kwanza kujua."

"Kujua nini?"

Alijaribu kurudi ndani. Themelina, goti bovu na yote, akasimama mlangoni. Ndipo akatuambia. Sevasti anakwenda Amerika, kwa mwanawe Nikitas, na si kwa matembezi, ni kuhamia. Nyumba imeshachukuliwa na mke na mume kutoka Ubelgiji. Ataondoka Novemba. Alimwomba Diomidis asiseme.

Kwenye basi Themelina alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa naukumbuka ukuta ule, na mitungi ile ya mafuta, na macho yale mekundu kwenye kasoko, na kila nilipokumbuka kimoja hasira zilinizidi badala ya kupungua. Miaka sitini! Mimi nimemshikia mtoto wake wakati wa ubatizo. Mimi nimemwosha mumewe alipokufa. Na amemwambia mwuza maziwa wa Emborios kabla yangu.


Jumanne, 28 Oktoba

Sikukuu ya taifa, watoto wa shule waliandamana na bendera. Sevasti alikuja akakaa kando yangu kwenye benchi kama hatujagombana. Akanipa chokoleti. Nilimpa nafasi aseme. Nilikaa kimya makusudi, jambo ambalo si rahisi kwangu. Akasema, "Watoto wamekuwa wachache mwaka huu." Basi. Hayo tu.

Chokoleti nimempa Lazaros.


Jumatatu, 3 Novemba

Naandika kitandani, nina homa. Jana tumefika Avlaki.

Sevasti alikuja asubuhi kupiga honi. "Leo Avlaki kweli," akasema, na Themelina na Kalotina tayari wamo. Themelina alinikanyaga mguu, maana yake nyamaza. Nikanyamaza mpaka Nikia. Pale Sevasti akaegesha akasema, "Tunywe kahawa kwanza hapa uwanjani. Mawingu yale siyapendi."

Nikasema, "Kanella hajambo?"

Alikuwa ameshika mkoba. Akauweka chini.

"Nimemwona," nikaendelea. "Na mama yake. Diomidis anawatunza vizuri. Sema sasa, au ulitaka tukuandikie barua wakati umeshafika?"

Watu wa mkahawani walikuwa wanatuangalia, hata paka. Sevasti alikaa kwenye ngazi ya kanisa. Akaongea akinitazama mimi peke yangu.

"Ningekuambia Septemba ungefanya nini? Nakujua. Ungeanza kunionea huruma. Ungeniletea chakula, ungesema 'ndiyo Sevasti, unavyotaka Sevasti.' Aneza mpole namtakia nini? Nilitaka miezi hii tugombane kama siku zote."

"Na Avlaki?"

"Avlaki nilisema kwa kuwa ni mbali. Sina haja nayo. Mimi nilitaka kuona ninapopajua."

Mimi nikishindwa maneno ndipo ninapokuwa mbaya zaidi. Nikachukua fimbo ya Kalotina nikasema, "Mimi nashuka. Anayetaka anifuate." Nikashika njia. Nilisikia Themelina akisema, "Mama wee, kaanza," kisha hatua zao nyuma yangu.

Njia inateremka, inateremka, mawe na miiba na kona, bahari chini nyeusi. Avlaki yenyewe ni nyumba chache zisizo na paa, gati dogo la mawe, na nyufa kwenye miamba ambamo maji ya moto yanatokea na kuchanganyika na ya bahari. Themelina alivua viatu akatumbukiza goti. "Hapa sasa," akasema, "hapa nimelipwa." Sevasti alikaa mbali nasi kidogo. Nikaenda kukaa karibu yake. Naye akasema, "Si pazuri kiasi hicho," nami nikakubali kwamba si pazuri kiasi hicho.

Mvua ikatushika tulipoanza kupanda. Si mvua ya kunyesha, ni ya kumwagwa. Njia ikageuka mto. Kwenye kona ya tatu au ya nne goti la Themelina likakataa. Akaanguka, na alipojaribu kusimama alipiga ukelele ambao sijausikia tangu alipojifungua. Simu zilikuwa hazishiki. Tukamburuta kurudi chini mpaka kwenye nyumba moja yenye kipande cha kuba kilichobaki, tukamwegemeza ukutani. Alikuwa anatetemeka, midomo ya bluu.

Mawingu Sevasti alikuwa ameyaona. Mimi ndiye niliyeshika njia.

Nilisema nitakwenda kuita watu. Sevasti akanivuta nguo. "Wewe una kishindo tu, pumzi huna. Kaa naye, mkumbatie, mwongeleshe asilale. Hiyo kazi ya kuongea unaiweza." Wakaondoka yeye na Kalotina, koti moja wakatuachia.

Nilimkumbatia Themelina nikaongea. Nilimsimulia kila ugomvi niliowahi kugombana na Sevasti, tangu wa utepe wa nywele darasa la pili, na Themelina, meno yakigongana, alikuwa ananisahihisha. "Hapana, utepe ulikuwa wangu." Giza lilikuwa linaingia tuliposikia sauti za wanaume na kwato. Walileta nyumbu. Sevasti alikuwa mbele yao, amelowa, suruali imechanika magotini, na jambo la kwanza alilosema ni, "Mbona hujamfunika miguu?"


Jumapili, 9 Novemba

Goti la Themelina limevimba kama boga, lakini mfupa uko salama, daktari amesema. Hakuna kutembea leo. Tulikaa wote kwake. Sevasti akaeleza tarehe: ataondoka kwa meli ya Jumatano ya tarehe 19, kwanza kisiwa cha Kos, halafu Athene, kisha Amerika. Nikauliza kama huko ana mtu wa kuzungumza naye. Akasema mkamwana anajitahidi Kigiriki.


Jumatano, 19 Novemba

Sikwenda bandarini. Lazaros alinisihi, Kalotina akaja mlangoni. Nilisema nina nguo za kufua. Aliyeficha miezi miwili anaweza kuondoka bila mimi kupunga kitambaa.

Nilizifua. Nilipozianika upepo ukazichukua mbili. Ndipo nikatambua upepo ulivyo.

Meli haikutoka hata Kos.

Jioni Sevasti alisimama mlangoni pangu na masanduku mawili. Wabelgiji wameshapewa ufunguo na wameshalala kitandani mwake. "Themelina hawezi kupanda ngazi kunihudumia," akasema, "na Kalotina ana chumba kimoja." Nilimtandikia chumba cha mtoto.


Jumamosi, 22 Novemba

Leo nilikwenda. Nilivaa koti jeusi. Nusu ya Mandraki ilikuwa gatini, hata padri. Tulimkumbatia mmoja mmoja, tukalia vizuri, mimi pia. Meli ikatokea, ikageuza mgongo ifunge, mawimbi yakaiinua yakaitupa, ikajaribu tena. Kisha ikapiga honi ikaenda zake na watu wetu wawili waliotaka kushuka.

Tulibaki tumesimama na vitambaa vimelowa. Themelina kwenye kiti chake akasema, "Machozi yangu nani atanirudishia?"

Mwanawe Sevasti amepiga simu kutoka Amerika mara nne kubadilisha tiketi ya ndege.


Jumatano, 26 Novemba

Meli hakuna. Sevasti amepanga upya kabati langu la jikoni. Siwezi kupata chumvi.


Alhamisi, 27 Novemba

Chumvi ilikuwa nyuma ya mchele. Nimemwambia kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Akasema mwenyewe ana vikombe kumi na kimoja vilivyovunjika masikio na hatupi hata kimoja. Lazaros amehamia kwenye mashua yake mchana kutwa.


Jumamosi, 29 Novemba

Gatini tena. Safari hii padri hakuja. Meli pia.


Jumanne, 2 Desemba

Leo haikuwa siku ya meli. Bahari ilikuwa shwari tangu alfajiri, na sisi tulikuwa jikoni tunabishana juu ya pweza. Mimi nasema achemshwe kwa divai, yeye anasema kwa maji yake mwenyewe, na tayari alikuwa amemwaga divai yangu kwenye sinki kunikomesha. Nilikuwa nimemwambia neno baya. Yeye alikuwa ameshika mwiko, anatafuta baya zaidi.

Simu ikalia. Wakala wa meli: wameileta leo kufidia, iko njiani kutoka Kos, haitakaa gatini.

Tulikimbia. Lazaros alibeba masanduku kwenye pikipiki, moja mbele, moja nyuma. Sevasti alikuwa bado amevaa aproni yangu, na mimi ndala. Hakuna aliyearifiwa ila Kalotina, aliyekuwa sokoni akatuona tukipita. Themelina tulimpungia dirishani tu, na hakuelewa tunampungia nini.

Mlango wa meli ulikuwa umeshashuka, mabaharia wanapiga kelele tufanye haraka. Sevasti akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni. Nikanyoosha mkono. Akampa Kalotina.

"Mbona yeye?" nikasema.

"Yeye ana leseni."

"Leseni ya mwaka gani hiyo?"

"Na wewe unayo ya mwaka gani?" Akaanza kuivua aproni, fundo la mgongoni likamkatalia, nikaenda nyuma yake kulifungua. Nikazidi kulikaza. Baharia akapiga filimbi. Nikamwambia aende nayo.

"Pweza mtie maji yake," akasema.

"Nenda, watakuacha."

Akapanda. Mlango ukainuka. Hatukukumbatiana, tulikuwa tumeshakumbatiana Jumamosi zile. Meli ikazunguka gati na sikumwona tena. Sijui alikuwa upande gani.

Nyumbani pweza alikuwa ameshikana na sufuria. Lazaros alimkwangua akala, akasema ni mzuri, masikini.

Jioni Kalotina alikuja, ufunguo mkononi. Hakukaa. Akauliza Jumapili tuelekee wapi. Nikamwambia mimi siendi popote, nimetembea ya kunitosha, na gari lile lina mlango mbovu na dirisha bovu na sasa lina dereva mbovu.

Kalotina akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Sawa," akasema. "Nitakuja saa tatu."